Pepo Mbele ya Baba

Chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, katikati ya miaka ya tisini, nilirudi nyumbani Itumbe na kujifanya mhakiki wa filamu za kutisha. Wenzangu walichuma majani chai. Mimi nilikuwa na maoni. Kanda nilizikodi kwa Mhindi mmoja mjini Kisii. Ile ya muuaji mwenye shoka: ana bidii, hachoki, angefaa sana shambani kwetu. Ile ya nyumba inayotoka damu ukutani: fundi wa rangi afutwe kazi.

Nilichotaka hasa ni baba aone kwamba chuo kimenifunza kitu. Yeye alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, na video kwake ilikuwa uchafu.

"Kanda hii ni ya mafundisho," nilimwambia. "Kuna kasisi anatoa pepo."

"Pepo anatoka kweli?"

"Anatoka, baba."

Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimesoma jalada.

Jumapili baada ya chakula nikaunganisha deki ya video sebuleni kwake, maana kibanda changu hakikuwa na umeme. Baba alikaa na Biblia mapajani. Nyanya, mama yake, alikaa kwenye mkeka.

Kwetu Wagusii kuna ensoni, ile haya kati ya baba na mwana. Mwana akishatahiriwa, baba haingii kibandani mwake, na wawili hao hawatazami utupu pamoja. Nami, mtaalamu niliyekwisha kuona kanda kumi na mbili, nilisahau kwamba katika filamu hizo pepo haji kabla msichana hajaoga.

Msichana akaingia bafuni. Nikarukia televisheni, nikabonyeza kitufe cha kuongeza sauti. Maji yakanguruma nyumba nzima. Nilipogeuka, kiti cha baba kilikuwa na Biblia peke yake.

Nikanyoosha mkono kuzima.

"Wacha, mume wangu," nyanya akasema. Mjukuu na nyanya hawana ensoni. "Anaoga tu. Kwani wewe huogi?"

Tukaendelea, mimi nikiwaza nitakula wapi jioni. Mara sauti ya baba ikaja dirishani. Alikuwa nje, ametupa mgongo, akifungua na kufunga kamba ileile ya ng'ombe.

"Huyo pepo ametoka?"

"Bado, baba. Kasisi ndiyo anaanza kuomba."

"Amefunga kula kwanza?"

"Hawajaonyesha."

"Basi hatoki leo."

Nikausimulia mgongo wake filamu yote, nikiruka bafu mbili na kitanda kimoja. Ilibaki fupi, na nadhani ilikuwa bora kuliko yenyewe. Pepo alipotoka, baba akauliza, "Na msichana?"

"Amepona."

"Amevaa?"

"Amevaa," nyanya akajibu, "lakini fupi."

Baba akaikunja kamba.

"Umeeleza vizuri," akasema, bila kugeuka. "Sasa rudisha hicho kitu kwa mwenyewe."