Mumiani Aliyeletwa Marui

Nilipoacha siasa nikawa mkuu wa afya wa wilaya, watu wa Kisarawe walisema nimenunuliwa. Waliniudhi sana. Nilikuwa nimesomea uganga kabla sijajua kupanda jukwaani, na serikali ya Mwingereza haikuruhusu mtumishi wake awe na kadi ya chama. Nilichagua dawa, nikarudisha kadi.

Miezi michache baadaye ndui ikaingia Marui, kijijini kwetu. Nilikwenda na wachanjaji wawili na daktari wa Kizungu. Tulikuta milango imefungwa. Nje alikuwepo dada yangu mkubwa tu, mwanawe mdogo mgongoni. Nyumba ya jirani yake ilikuwa imekwisha kuzika watu wawili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Damu ya mwanangu hamuipati."

Mwaka uliotangulia, mkutanoni hapo hapo Marui, nilisema serikali hii ni mumiani, inatunyonya damu. Watu walishangilia hata nikarudia mara tatu, maana nilipenda mno kushangiliwa. Kumbe wao walimsikia mumiani wanayemjua, yule anayekamata watu na kuwakamua damu. Sasa amefika na sindano zake, na mimi ndiye niliyemleta.

"Dada, siku ile nilikuwa nasema juu ya kodi."

"Kodi haina damu. Wewe ni ndugu yangu, niambie. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

Milango ilifunguka kidogo, huu na ule. Walikuwa wanasikiliza. Nilishikwa na hasira. Niliyoyasema juu ya kodi yalikuwa kweli tupu, na ningeyasema tena. Nyuma yangu alisimama yule daktari, naye Kiswahili alikijua vizuri. Mtoto alikuwa ananichekea juu ya bega la mama yake.

"Siku ile," nilisema kwa sauti ya jukwaani, wote wasikie, "niliwadanganya. Serikali hainyonyi damu ya mtu."

Dada alinitazama, kisha akamshusha mtoto na kumkunjia mkono wa kanzu. Nilimchanja mwenyewe. Watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja, wakajipanga.

Daktari aliniwekea mkono begani, akasema amefurahi kwamba hatimaye nimeuona ukweli.

"Ahsante, bwana," nilimjibu, nikamwita mtoto wa pili.