Buni Mia Mbili Zinazopanda Mlima

Hamtaamini, na mkikataa shauri yenu: yupo mwanamke kule Mbale aliyeokoa kibarua chake kwa kuota mchana, amesimama wima, mikono ikifanya kazi. Jina lake Khainza. Kakulia Nalufenya, Jinja, nyumbani kwa mjomba wake, mtu mwenye akili nyingi ambazo shule ilishindwa kuzimaliza. Na mjomba huyo ndiye anayewaandikia.

Mwaka 1996 Khainza alikuwa mkaguzi wa buni kwenye kinu kimoja cha kahawa, upande wa viwanda. Mbele yake machekeche matano yalipangwa moja juu ya jingine, lenye tundu kubwa, namba kumi na nane, likiwa juu, na lenye tundu ndogo, namba kumi na nne, likiwa chini. Unamwaga buni, unatikisa, kila moja inashuka mpaka inapokwama. Sauti yake ni mvua ya mbali juu ya mabati. Maganda mepesi yalielea kwenye mwanga wa dirisha, hayana haraka ya kutua. Hapo ndipo Khainza alipokuwa akipotelea. Haoni tena buni. Anaona watu wadogo wakiteremka nyumba ya ghorofa, kila mmoja akitafuta mlango wa kumtosha.

Siku hiyo, saa nane mchana, Meneja Conrad akaingia na karatasi.

"Ndoto imefika wapi leo, dada?"

"Namba kumi na sita, bwana meneja."

"Basi amka. Kahawa ya yule mkulima wa mlimani Wanale, mzee Semei, uliyoipitisha juzi, imechanganywa na buni ndogo. Mnunuzi anataka wastani wa kumi na sita, mimi napata chini yake. Ama ulilala, ama mlikula pamoja. Nionyeshe nimekosea wapi kabla ya jioni, la sivyo kesho urudi Jinja ukaanike dagaa."

Khainza akaipokea karatasi. Buni mia mbili zilizochekechwa. Kumi na mbili zilikuwa zimepenya hata chekeche la mwisho, na Conrad kazipa ukubwa wa sifuri.

"Hizi mbona sifuri?"

"Chini yake kuna chekeche gani? Hamna. Basi sifuri."

"Kwa hiyo mtoto asiyefika kwenye kitasa cha mlango hana urefu?"

Conrad akakuna shingo. "Haya, nizipe ngapi?"

"Usizipe kitu, hatujui. Hata zile arobaini na tano zilizobaki juu ya kumi na nane hatujui zinaishia wapi. Huo wastani utaubuni tu."

Akafumba macho. Ukungu wa mlimani ukaingia ndani ya kinu, ukayameza magunia, ukammeza na Conrad. Buni mia mbili zikajipanga mstari, ndogo mbele, kubwa nyuma, zikaanza kupanda mlima kimya kimya. Khainza hakuziuliza zote. Alizigusa bega tatu tu, zile zinazougawa mstari robo robo: ya hamsini, ya mia, na ya mia na hamsini.

"Zilizopenya, kumi na mbili," alisema taratibu, kama anayeongea usingizini. "Namba kumi na nne zimekwama kumi na nane, jumla thelathini. Kumi na tano zipo arobaini. Kwa hiyo ya hamsini ni ya ishirini kati ya hizo arobaini, nusu ya njia: kumi na tano na nusu. Kumi na sita zipo sitini. Ya mia imeangukia katikati: kumi na sita na nusu. Kumi na saba zipo ishirini na tano; ya mia na hamsini ni ya ishirini kati yake: kumi na saba nukta nane."

"Halafu?"

"Pima nafasi. Robo ya kwanza hadi katikati, moja. Katikati hadi robo ya tatu, moja nukta tatu. Toa ile ya chini kwenye ya juu, inabaki nukta tatu. Gawa kwa nafasi yote, mbili nukta tatu. Sifuri nukta moja tatu, na ni chanya. Angechanganya ndogo, upande wa chini ndio ungevutika. Mstari huu umevutika juu." Akafumbua macho. "Mwizi gani anachanganya buni kubwa, bwana meneja?"

Conrad akaihesabu mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaikunja karatasi.

"Rudi kazini."

Ndipo sasa meneja akapiga magoti palepale, akalia machozi debe zima, na wakulima elfu tano wakateremka Wanale na ngoma, wakambeba Khainza mabegani mpaka Nalufenya bila kumtua chini, kila mmoja na buni mkononi kubwa kama yai la—

"Yai la nini, mjomba?" Khainza, aliyekuja kunitembelea, amesimama nyuma ya kiti changu, kumbe anasoma muda wote. "Alisema 'rudi kazini', nikarudi. Futa. Anzia kwenye magoti."