Kelele Yenye Baba Hakusikia

Juma iliyopita nilipanda taxi kutoka soko, hapa Kolwezi. Tulikuwa bado kufika ku nyumba, moteri ikaanza kugonga: ko, ko, ko. Kijana mwenye kuendesha hakusimama. Alipandisha sauti ya redio. Nikamwambia: mwanangu, mugonjwa haponi kwa sababu umemufungia mulango. Alicheka, akaniita kambo, ni kusema nyanya. Mi sikucheka. Ile kelele ilikuwa imenirudisha Musonoi, mu lupango, kiwanja ya nyumba ya wazazi wangu, wakati nilikuwa mutoto mwanamuke wa miaka kumi na moja ao kumi na mbili.

Rafiki yangu, kama hukukulia karibu na mine, pahali pa kuchimba shaba, hutajua makelele ile. Asubuhi siren ya kazi. Saa sita baruti mu shimo, sahani inatetemeka ku meza, vumbi inaanguka mu sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Na usiku na muchana mashini ya kusaga mawe, yenye haikunyamaza hata siku ya Mungu. Baba alitumika pale, na bababa bote ba mutaa yetu balitumika pale. Njo maana kwetu hakuna mutu alisema polepole. Hata sala ya chakula tulipiga kelele. Tulifikiri njo namna batu banaongea na Mungu.

Baba alikuwa na motokari moja ya zamani, rangi ya maziwa, na mulango moja ya bluu yenye ilitoka ku motokari ingine. Aliipenda. Mama alisema angeweza kuilalisha ku kitanda.

Ile mwaka kambo, mama ya baba, alianza kukonda. Siku moja alifunga nguo zake mbili na rozari mu kitambaa, akaikala ku mukeka karibu na mulango, akasema: "Mi sitaki kurudi kwetu Kasaji ndani ya sanduku. Nipeleke wakati ningali naweza kusalimia batu." Treni ilikuwa inakuja siku inapenda yenyewe. Baba akamuahidi: juma ijayo, na motokari.

Ile ile juma moteri ikaanza kugonga. Sisi batoto tulijua kwa ile kelele baba anarudi, kabla hajatokea ku kona. Mama akamwambia, baba akajibu ni mawe ya njia.

Mwisho akaita fundi jirani na rafiki yao moja wa kazi. Bakafungua kapo, kifuniko ya moteri, bakaweka mikono ku moteri kama batu banapima mutoto wa homa. Fundi akasema ni bieli, ule mukono wa chuma wa ndani. Lazima kufungua moteri yote na kungojea bitu bitoke Lubumbashi, mwezi moja. Rafiki akasema bieli wapi, fundi anaota. Fundi akamuuliza kama alisomea moteri ao mbuzi. Balibishana mpaka jirani bote bakatoka inje.

Mi nilikuwa natwanga sombe pembeni. Kambo njo alinifundisha kutwanga kwa sikio: sombe ikiwa bado, kinu kinalia juu juu, ikiwa tayari, kinaongea chini. Basi nikaangalia bale bababa batatu, nikaona kitu. Hakuna hata moja alitega sikio. Balikuwa banabishana juu ya kelele yenye hakuna moja wao anaisikia. Mashini ya mawe ilikuwa imekula masikio yao, na kila moja alikuwa anaificha ile mbele ya wenzake.

Ku mukeka, kambo alikuwa anasikiliza bote. Mwezi moja hakuwa nayo. Baba alijua.

Nikaacha mutwango, nikaenda kusema kelele haitoki ndani chini, inatoka mbele. Fundi akanikemea: "Toka pale, mutoto mwanamuke. Mwanamuke akichungulia mu shimo, jiwe inakimbia. Moteri nayo ni vile." Njo ilikuwa sheria ya bale batu ba mine. Baba naye aliiamini. Mama hakupeleka chakula yake karibu na shimo hata siku moja.

Baba alimuangalia kambo. Kisha akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake ndogo: "Mwache. Mi sisikii tena, ndugu. Toka mwaka jana. Na wewe husikii."

Fundi alipanguza mikono muda murefu. Kisha akaenda mwenyewe kuleta mupini ya jembe, akanipa. Ncha moja ku chuma, ncha ingine ku sikio. Moteri ikiwa inazunguka, akachomoa waya ya bujii, ile inawasha moto mu moteri, moja moja, kwa sababu bieli ikiwa mugonjwa, kelele inapunguka ukizimisha pahali pake. Akaniuliza na macho. Ni ile ile, nikasema. Mara ine, ile ile. Haikuwa bieli. Nikasogeza mupini mbele, ku pompi ya maji, na ile kelele ikanipiga mpaka ku meno. Fundi akatoa mukanda wenye kuzungusha pompi, akawasha. Moteri ikaimba safi.

Chuma ya ndani ya pompi ilikuwa imekulika, inachezacheza. Bakapata pompi ingine ku motokari ya kufa, fundi akakata karatasi ya kuzuia maji ndani ya kartoni ya viatu, akapakaza mafuta mazito. Alinipa kalanga mukono tele, akaniomba nisitangaze ku robine, pale bamama banachota maji.

Tukaenda Kasaji. Mi niliikala mbele. Kazi yangu kusikiliza. Kila kilima baba aliniangalia, nikatikisa kichwa, hakuna kelele, akaendelea. Tulifika jua ikiwa chini. Balitaka kumubeba kambo, akakataa. Alishuka na miguu yake, akasalimia batu moja moja, na majina yao. Aliishi tena siku kumi na mbili.

Ile lupango haiko tena. Shimo ilipanuka ikaichukua, pamoja na mutaa. Bale bababa batatu balikufa. Baba, ku mwisho, nilikuwa namwandikia neno mu kiganja na kidole. Batu banalilia nyumba. Mi nalilia mwanaume mwenye anaweza kusema mbele ya wenzake: mi sisikii. Pompi tungeipata siku yoyote. Ile neno njo ilimufikisha kambo ku kwabo akiwa muzima.