Viatu vya mama kwenye foleni ya mahindi

Jumanne tulimzika mama. Jana, nikikunja nguo zake, niliona viatu vyake vya kanisa.

Mwaka mmoja wa kiangazi alivivaa kwenda kwa chifu kupokea mahindi ya msaada. Uwanja ulinuka magunia na vumbi. Mimi, mtoto niliyemfuata, nilidhani anayependeza hupewa mengi. Sasa najua viatu hivyo vilikaribia kutulaza njaa.

"Mama, wewe uko na viatu," karani aliyegawa mahindi alisema. "Wacha wenye njaa wapite."

"Njaa haikai miguuni, kijana wangu. Mbele ya serikali nitaendaje na miguu ya shamba?"

Foleni ikacheka. Karani akajaza mkebe wa gorogoro, akausawazisha kwa kiganja, akammiminia kwenye leso.

Mama hakufunga leso. "Ongeza ya watoto," alisema.

Akaongeza.