Sarafu ya Baba Ilipong'aa

Mama alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba sarafu ya marehemu baba imebadilishwa. Hakusema imepotea. Alisema iko palepale sandukuni, ndani ya kitambaa kilekile, lakini si yenyewe. Ile ya baba ilikuwa nyeusi kama kahawa, hii inang'aa.

"Wifi yako ameiuza ya kweli, akaniwekea bandia," akasema. "Jumapili kaka yako akija kutoka Kaliua, anamrudisha kwao."

Nikaamini papo hapo. Sina haja ya kujipamba: mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua asali sokoni Kanyenye, hapa Tabora ninapoishi, naionja ya juu, kisha naomba kijiti nionje ya chini. Na wifi yangu, kwa macho yangu, alikuwa na kila sababu ya kushukiwa. Kwao ni Ulyankulu, wazee wake walitoka Burundi, na tangu aolewe na kaka yangu anaishi na mama Sikonge, funguo za nyumba zikiwa kwenye pindo la kanga yake. Nilipofika Sikonge kuichukua ile sarafu ikapimwe, nilimuuliza mbele ya mama kama ameigusa. Alikuwa anachambua mchicha. Akainamisha kichwa, hakukataa wala hakukubali. Nikajisemea kimoyomoyo, kimya kingi kina mshindo.

Sarafu yenyewe ni ya shaba ya njano, iliyogongwa hapa hapa Tabora wakati Mjerumani amebanwa na vita na fedha zimemwishia. Upande mmoja ina taji, upande wa pili shada la majani. Babu aliipata, baba akairithi, ikakaa miaka yote mfukoni pamoja na tumbaku yake. Kwetu haikuwahi kuwa kitu cha kuuzwa. Kila Pasaka, tukishasafisha makaburi na kurudi kutoka ibada ya alfajiri, huwekwa mezani juu ya kitabu chake cha nyimbo, tukamkumbuka.

Siku hizo mjini Tabora alikuwapo mtu kutoka Dar es Salaam, amepanga chumba gesti, akitangaza kwamba ananunua sarafu za kale. Hapa kwetu mtu akikutajia mali iliyofukiwa na Mjerumani, shika mfuko wako. Nawajua waliochimbua mpaka sakafu za nyumba zao kwa maneno ya watu wa namna hiyo. Lakini nani mwingine angeniambia? Nikamwendea, nikamweleza wazi: siuzi, nataka tu kujua kama ni ya kweli, na haitoki kwenye meza hii.

Akaishika kwa ukingo, kwa vidole viwili. Nikashuku. Akatoa kioo cha kukuzia. Nikashuku zaidi.

"Anza na palipoinuka," akasema. "Hapo ndipo panapolika kwanza, kama kisigino cha kiatu."

Akanisogezea kioo. Sehemu za juu za taji zilikuwa zimelainika, ila mistari yake bado ilisomeka. Hiyo, akasema, ni daraja la kati: imepita mikononi mwa watu lakini haijachakaa. Kisha akanionyesha bandia aliyokuwa nayo, iliyomiminwa kwenye kalibu, nilinganishe. Ile bandia ilikuwa na vitundu vidogo kila mahali na herufi zake zilikuwa nene, kama zimevimba. Yetu ilikuwa na kasoro pia, lakini kasoro za kugongwa kwa haraka.

"Ni ya kweli, mama. Ila imesuguliwa."

Nikacheka. "Hapo ndipo mnapoanzia kushusha bei."

"Si umesema huuzi?"

Akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Sarafu ambayo haijaguswa, alieleza, mng'ao wake hutembea ukiigeuza; huu ulikuwa umesimama mahali pamoja. Kwenye kioo nikaiona mikwaruzo myembamba, mingi, yote ya kuzunguka. Ndani ya herufi, mahali ambapo kidole hakifiki, ule weusi wa baba ulikuwa bado umejificha. Akasema weusi ule ndio ngozi ya sarafu. Ukishaondolewa haurudi, na kila atakayeipima baadaye ataishusha daraja.

"Jivu na ndimu hizo," akasema. "Nakutana nazo kila mkoa. Watu wanazisafisha kwa heshima, ndivyo wanavyoziharibu."

Basi wifi si mwizi, ni mharibifu tu. Nikapanda basi la Sikonge nimeshapanga maneno ya kumpa, na mengine hayakuwa ya mtu wa kanisani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamesemaje?"

Nikamwambia ni ileile ya baba, haikubadilishwa. Mama akashusha pumzi, akanyoosha mkono, nikampa. Akaitazama huku na huku. Alipouona weusi uliobaki kwenye herufi, uso ukamkunjamana.

"Pasaka hiyo inakuja, na kitu cha baba yenu kiko hivi?"

Akaingia jikoni, akachota jivu, akakamua ndimu. Akaanza kusugua kwa kidole gumba, kwa kuzunguka, vilevile anavyosugua masufuria tangu nimfahamu.

Nilitaka kumzuia. Wifi akanishika mkono, akanivuta mlangoni.

"Mwache, wifi," akaninong'oneza. "Hata ile mara ya kwanza nilimwona. Kesho yake hakukumbuka. Ningemwambia ni yeye mwenyewe, angeogopa sana."

"Na Jumapili?"

"Ningekwenda kwetu. Kaka yako ningemweleza njiani."

Maisha yangu yote sijakosa mtu wa kumshuku, na siku ile nilimtafuta kwa nguvu zote, awe mwizi, awe tapeli, awe yeyote. Sikumpata. Alikuwapo mama tu, ameinama, anasugua.

Aliisuuza, akaifuta kwa kanga, akaisogeza karibu na macho. Kisha akatutazama sote wawili, na macho yake yakatulia kwa wifi.

"Hii si ya baba yenu," akasema. "Ya baba yenu ilikuwa nyeusi. Nani ameibadilisha?"

Wifi alikuwa ameshaanza kupiga magoti.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Niliichukua mimi."