Nukta Zilizochelewa Kutoka

Kokuberwa alikuwa mwalimu wa hesabu mpaka mama mkwe wake, Mama Auleria, alipopooza. Mumewe Edgar alikuwa amehamishiwa Dodoma, mtoto wao Gibson yuko shule ya bweni, wifi yake Loveness ana duka Ubungo, na kwa jinsi ukoo ule ulivyoona mambo, mkwe aliyeko nyumbani ndiye muuguzi. Hakuna aliyemuuliza. Alikabidhiwa mgonjwa kama mtu anavyokabidhiwa ufunguo, na mwaka wa tatu ukaingia yuko palepale Bunju, kati ya kitanda, jiko na kamba ya kuanikia mashuka.

Kila baada ya saa mbili ilibidi amgeuze mgonjwa, asipate vidonda. Katikati ya saa hizo aliwasha kompyuta yake ya zamani na kuzama kwenye umbo liitwalo seti ya Mandelbrot. Programu inaichukua kila nukta ya kioo na kuifanyia hesabu moja fupi, kisha jibu linarudishwa kwenye hesabu ileile, tena na tena. Namba ikikua mpaka ikatoroka, nukta yake inapewa rangi. Isipotoroka, inapakwa nyeusi. Ni hilo tu, lakini ukiukuza ukingo wa ule weusi unakuta mikia na matawi, ukikuza tena unakuta mengine, na wala hufiki mwisho. Kokuberwa alishakuza mpaka kipimo kikawa namba yenye sifuri sitini. Huko ndani hakukuwa na mtu wa kumwita.

Mwezi wa pili wa safari hiyo akagonga ukuta. Picha ikaja nyeusi tupu. Akajaribu kushoto, akajaribu kulia, giza. Akanuna wiki tatu nzima, mtu mzima kuinunia kompyuta! Siku moja yuko anachambua mchele, akajipiga paji la uso. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiwekea programu kikomo: hesabu irudiwe mara elfu tano, basi. Kumbe kule chini namba huchelewa kutoroka, na yeye alikuwa amezihukumu mapema. Akapandisha kikomo hadi laki mbili, akaenda kumgeuza mgonjwa, akafua. Aliporudi, weusi wote ulikuwa umefunguka, dhahabu na buluu kila kona. Alilia kwa furaha, peke yake, mikono ina povu la sabuni.

Ujasiri wa siku ile ndio uliompeleka kwenye simu. Shule moja ya jirani ilimtaka aanze kufundisha Jumatatu. Akampigia Loveness.

"Wifi, mie nimechoka. Siwezi tena peke yangu. Naomba uje ukae na mama, nirudi darasani."

"Haya wifi. Duka nitamwachia yule msichana wangu wa kazi, Jesca. Jumapili nakuja. Ila niongee na kaka kwanza."

Edgar alifika Jumamosi mchana. Kokuberwa alikuwa amepanga kuanza na habari ya shule, lakini furaha ikamponza, akaanza na picha. Akamwekea mumewe kompyuta mapajani, hapo hapo kando ya kitanda cha mama.

"Hii umeichora wewe?"

"Nimeitafuta. Karibu miezi mitatu."

Edgar aliitazama weee, kisha uso ukamlegea kama mtu aliyetuliwa gunia. "Mama Gibson, umeniponya! Loveness kanipigia ananiambia umechoka, nikawa silali. Kumbe una kitu chako hapa, umetulia zako. Na hii kompyuta imezeeka, nitakuletea mpya."

Kabla Kokuberwa hajafungua mdomo, simu ilikuwa sikioni. "Loveness, usijisumbue. Wifi yako yuko fiti kabisa. We baki na duka lako."

"Edgar, hebu nisikilize, mie..."

Kitu kikamvuta kanga. Mama Auleria alikuwa amenyoosha mkono wake mmoja unaofanya kazi, na machozi yanamtiririka kuelekea masikioni.

"Mwanangu," alisema kwa shida, ulimi mzito, "nilikusikia juzi kwenye simu. Nikajua unaniacha."

Mkono ule ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu, lakini haukuachia. Upande wa pili wa kitanda Edgar alikuwa anatabasamu, simu bado sikioni, akimsubiri mkewe aseme neno ili naye dada yake asikie.

"Siendi popote, mama," alisema Kokuberwa.