Nati ya Chini ya Sinki

Fundi bomba yule alikuwa mtoto wa pekee, na kila likizo ya mwisho wa mwaka alirudi kwa mama yake na mabegi mawili: moja la nguo, moja la spana. Mama, mjane kwa miaka tisa sasa na mshonaji wa sare za shule, alikuwa akimwekea mabovu ya mwaka mzima. Bawaba zimelegea, bomba linavuja, mlango unakwaruza sakafu. Fundi alilalamika kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa mfalme.

Mwaka huu aliyemfungulia mlango alikuwa mwanamume mwenye mvi, dereva wa lori mstaafu, ambaye watu walimwita Taratibu.

"Karibu, kijana wangu. Pita ndani, usiogope."

Kukaribishwa nyumbani kwao! Fundi alimeza mate machungu, akamfuata mama yake jikoni.

"Si nilikwambia kwenye simu nina rafiki?" mama alisema kwa haya kidogo.

"Uliniambia rafiki. Hukuniambia rafiki mwenyewe ana ndara zake humu ndani."

Kesho yake asubuhi alifungua begi la spana. "Haya, mama, tuanzie wapi?"

"Pumzika tu, mwanangu. Taratibu ameshatengeneza kila kitu."

Fundi akazunguka nyumba kama mkaguzi. Alisukuma mlango, akachungulia chini ya sinki kwa tochi, akitafuta kosa. Hakuliona hata moja. Hapo ndipo wivu ulipomwingia. Yule mzee angekuwa fundi wa kubabaisha, angalau angepata cha kumcheka. Na mezani mama alizicheka hadithi za Taratibu mpaka machozi yakamtoka, kicheko ambacho mwanawe alidhani kilizikwa pamoja na baba.

Siku ya tatu wawili hao walitoka kupeleka sare kwa mteja. Fundi akabaki peke yake na shetani wake. Alijiambia atalegeza nati moja tu, bomba litoe matone, wakirudi aseme, "Mmeona? Kazi ya kulipua." Akatia spana, akazungusha. Nati ikapasuka, maji yakamrukia usoni.

Alitimua mbio nje kufunga koki kuu, pale pale alipoijua tangu utotoni. Haikuwapo. Taratibu alikuwa ameihamisha. Fundi bomba mwenye uzoefu wa miaka kumi na mitano akawa anaizunguka nyumba ya mama yake kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, huku maji yakivuka kizingiti cha chumba cha kushonea na kulowesha sare zilizopangwa sakafuni.

Hapo wakarudi. Taratibu, kinyume na jina lake, alikimbia. Alipita nyuma ya tangi la maji, akafunga koki, akarudi akihema. Akaitazama nati, kisha spana mkononi mwa fundi.

"Vifaa vya siku hizi," alisema, "havidumu."

Huruma ile ilimuuma fundi kuliko tusi. Lakini mama hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

"Nati haijifungui yenyewe. Chukua beseni. Sare zote utazifua wewe na kuzipiga pasi wewe."

Kesho yake alipiga pasi tangu asubuhi, mama akikunja kando yake.

"Nimefanya ujinga, mama," alisema hatimaye. "Niliona hunihitaji tena."

Mama akaweka shati chini. "Unajua zile bawaba za kabati zilikuwa zinalegea vipi kila mwaka? Nilikuwa nazilegeza mwenyewe, kwa kisu. Niliogopa ukikosa kazi utaondoka mapema."

Fundi nusura aunguze kola.

"Sasa nimechoka kulegeza vitu. Njoo kwa sababu ni kwenu. Na yule mzee nampenda. Usiponuna utamzoea, ukinuna utamzoea vilevile, ila utachelewa."

Hakumzoea siku ile. Jioni Taratibu alipoanza hadithi ya lori lililokwama mtoni, na mama kuanza kucheka kabla haijafika popote, fundi alihisi kijiba kile kile cha roho. Lakini hakuondoka mezani.

"Sasa, mzee," aliuliza, sauti bado kavu, "mlilitoaje?"

Likizo ilikuwa imebaki siku sita. Alikaa zote sita.